Jahazi Katika Karatasi ya Miraba

Katika vidato vya mwanzo vya shule ya sekondari, somo la majira ya nukta aghalabu huanza kwa namna moja. Mwalimu huandika ubaoni safu ya jozi za namba. Wanafunzi huchora mihimili miwili katika karatasi ya miraba. Kila jozi huwekewa nukta yake, nukta huunganishwa kwa rula, na kabla kengele haijalia samaki, nyumba au nyota huwa imejitokeza katika kila daftari. Darasa hufurahi. Mwalimu naye hufurahi, kwa kuwa ni nadra katika hisabati kuona wanafunzi sitini wakifanya kazi bila kusukumwa.

Kuhusu zoezi hilo walimu wamegawanyika. Wapo wanaoliona kuwa ni mchezo wa watoto unaokula wakati wa milinganyo, na wapo wanaoliona kuwa ndilo somo lenyewe, hata samaki akishakamilika huhesabu kwamba kazi imekwisha. Makala haya yanaitetea picha, lakini hayatetei namna inavyochorwa katika madarasa mengi. Picha iliyochaguliwa ovyo huyaficha makosa yale yale ambayo ingepaswa kuyafichua, na humwachia mwanafunzi mazoea ambayo yatamsumbua hadi Kidato cha Nne na hata baada ya hapo.

Yafaa kwanza ielezwe nguvu ya picha iko wapi. Haiko katika furaha. Iko katika jambo hili, kwamba picha humwonyesha mwanafunzi kosa lake bila kumngojea mwalimu. Aliyekosea kufumbua mlinganyo hana njia rahisi ya kujua, mpaka daftari lirudi na alama nyekundu, pengine baada ya juma zima. Aliyeweka nukta moja mahali pasipo pake huona papo hapo kwamba samaki wake ana jicho nje ya kichwa. Atarudi mwenyewe kwenye orodha, ahesabu upya, afute, arekebishe. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, hicho ni kitu cha thamani kubwa.

Lakini si kila picha hufanya kazi hiyo. Tuseme mwalimu ametoa mraba wenye pembe zake katika (1, 1), (4, 1), (4, 4) na (1, 4). Kosa la kawaida kuliko yote katika somo hili ni kugeuza mpangilio: mwanafunzi huisoma namba ya kwanza kuwa ni ya kupanda, na ya pili kuwa ni ya kwenda kulia. Mwanafunzi anayekosea hivyo ataiweka (4, 1) mahali pa (1, 4), na (1, 4) mahali pa (4, 1), na mwisho wake atapata mraba ule ule, mahali pale pale, bila doa. Mwalimu atampa alama zote. Kosa litabaki ndani yake limelala, mpaka siku ya mtihani. Ndivyo ilivyo kwa kila umbo linalolingana pande mbili za mstari ule wa mshazari unaopita katika (1, 1), (2, 2), (3, 3) na kuendelea. Umbo zuri kwa macho huweza kuwa umbo baya kwa kufundishia.

Kwa hiyo picha ya somo la kwanza haina budi iwe ya upande mmoja, yenye mbele na nyuma, yenye juu na chini. Jahazi lafaa sana. Mwalimu aandike hivi. Chombo: (1, 3), (3, 1), (9, 1), (12, 3), kisha rudi (1, 3). Inua kalamu. Mlingoti: (6, 3), (6, 8). Inua kalamu. Tanga: (2, 4), (10, 4), (4, 10), kisha rudi (2, 4). Inua kalamu. Bahari: (0, 2), (14, 2). Mwanafunzi aliyefuata mpangilio sawasawa atapata jahazi linaloelekea kulia, omo mbele, tezi nyuma, na foromali imelala kwa mshazari juu ya ncha ya mlingoti. Aliyegeuza mpangilio ataona jahazi limesimama wima, omo imeelekea mbinguni, na bahari imesimama kando yake kama ukuta. Hahitaji kuambiwa kwamba amekosea.

Mstari wa bahari katika orodha hiyo haukuwekwa kwa urembo. Lipo kosa jingine ambalo picha nyingi hulificha kabisa, nalo latokana na mazoea ya kuhesabu vyumba badala ya mistari. Mtoto aliyekulia karibu na wachezaji wa bao anajua kuhesabu mashimo: bao lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na shimo la kwanza ni la kwanza, hakuna shimo la sifuri. Karatasi ya miraba yaonekana kama bao kubwa, na mwanafunzi huanza kuhesabu pale pale kwenye chanzo, akisema moja. Lakini nukta haikai ndani ya chumba. Yakaa mahali mistari miwili inapokatana, na chanzo chenyewe ni sifuri. Aliyeanzia moja atapata jahazi zuri lisilo na kasoro, ila lote limesogea hatua moja kushoto na hatua moja chini. Umbo halitamsuta. Atakapofika (0, 2), hata hivyo, atakwama, kwa sababu katika hesabu yake hakuna sifuri. Atainua mkono na kuuliza, na swali hilo ndilo ambalo somo lote lilikuwa likilitafuta.

Hadi hapa mwanafunzi amefuata orodha ya mtu mwingine. Mara nyingi somo huishia hapo, na hapo ndipo lilipo pungufu kubwa. Kufuata orodha ni nusu tu ya jambo, tena nusu iliyo nyepesi. Ili kuona nusu ya pili, yafaa kurudi nyuma hadi Aleksandria ya Misri katika karne ya 2 baada ya Kristo, alikoishi Ptolemy, mtaalamu wa nyota na wa jiografia. Ptolemy aliandika kitabu cha jiografia ambacho sehemu yake kubwa si maelezo ya nchi bali ni orodha: maelfu ya miji, midomo ya mito, milima na rasi, kila mahali pakiwa na namba zake mbili, longitudo kwanza na latitudo baadaye. Miongoni mwake imo Rhapta, mji wa biashara wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambao wataalamu wa mambo ya kale wangali wanabishana ulikuwa wapi hasa.

Sababu ya kuandika orodha aliieleza mwenyewe. Ramani inayonakiliwa kwa mkono huharibika kidogo kidogo: kila anayenakili hupotosha ufuko mahali, na anayemfuata hunakili upotovu ule na kuongeza wake. Namba hazipindi namna hiyo. Mtu akiwa na orodha aweza kuichora ramani upya, hata kama hajapata kuiona. Hayo yalitimia kweli. Mwishoni mwa karne ya 13 mtawa wa Konstantinopoli aitwaye Maximus Planudes alizipata nakala za kitabu hicho zikiwa hazina ramani, na ramani zikachorwa upya kutokana na namba zake. Zaidi ya miaka elfu moja ilikuwa imepita tangu orodha ilipoandikwa. Ni kweli kwamba hata namba zaweza kukosewa na mwandishi aliyechoka, na zilikosewa. Lakini kosa la namba moja huharibu mahali pamoja tu, haliupindi ufuko mzima.

Hilo ndilo jambo ambalo samaki wa darasani hamwambii mwanafunzi. Majira ya nukta ni njia ya kumpelekea picha mtu asiyeiona. Basi zoezi ligeuzwe. Kila mwanafunzi achore picha yake mwenyewe katika karatasi ya miraba, isiyozidi nukta ishirini, kisha aiandike kuwa orodha, akiweka alama kila mahali pa kuinua kalamu. Picha ibaki kwake. Orodha iende kwa mwenzake wa dawati jingine, au tuseme kwa darasa jirani. Mpokeaji achore. Kisha picha mbili zilinganishwe. Kila tofauti ina mwenyewe: ama mwandishi aliandika vibaya, ama msomaji alisoma vibaya, na wawili hao watalazimika kukaa pamoja kuitafuta. Mabishano ya namna hiyo ni hisabati ya kweli. Mwandishi atagundua mwenyewe kwa nini mpangilio wa jozi ni mapatano ambayo hakuna mtu wa kuyavunja peke yake, kwa nini mpangilio wa nukta katika orodha nao una maana, na kwa nini ukubwa wa hatua katika mihimili yote miwili lazima utajwe, kwa kuwa hatua ya kupanda ikiwa fupi kuliko ya kwenda kulia, ng'ombe huwa mjusi.

Zoezi hilo halidai vifaa vya gharama. Karatasi ya miraba ikikosekana, mistari hupigwa kwa rula katika karatasi yoyote. Ubaoni, uzi uliopakwa vumbi la chaki, ukavutwa pande mbili na kuachiliwa kama afanyavyo seremala, hutoa mstari ulionyooka kuliko wa rula ya mwalimu.

Jahazi likishaandikwa kwa namba, laweza kusafiri. Mwalimu aliambie darasa liongeze 5 katika kila namba ya kwanza, na namba za pili ziachwe kama zilivyo, kisha wanafunzi waseme kabla ya kuchora kitakachotokea. Chombo kitakwenda mbele hatua tano. Wazidishe kila namba ya kwanza kwa −1: jahazi litavuka mhimili wa kupanda na kugeuza uso, omo ikielekea kushoto. Wazidishe namba za pili kwa −1: chombo kimepinduka, mlingoti chini ya maji. Namba hasi, ambazo katika aljebra huonekana kama adhabu, hapa zina kazi inayoonekana kwa macho.

Kisha wazidishe namba zote kwa 2. Wengi watasema jahazi limekuwa kubwa mara mbili. Mwalimu asiwakatalie, awaulize tu habari ya tanga. Tanga la kwanza ni pembetatu yenye kitako cha hatua 8 na kimo cha hatua 6, basi eneo lake ni miraba 24. La pili lina kitako 16 na kimo 12, na eneo lake ni miraba 96. Fundi anayeshona tanga hilo atahitaji kitambaa mara nne. Wakizidisha namba za kwanza peke yake, watapata chombo kirefu kama mtumbwi na tanga la miraba 48. Kanuni ya ukuzaji wa maeneo, ambayo hukaririwa bila kueleweka, yaweza kupatikana katika kipindi kimoja kutokana na kitambaa cha tanga.

Hata lile kosa la kugeuza mpangilio lina somo ndani yake, nalo si dogo. Mwanafunzi aliyeona jahazi limesimama wima husema limezungushwa robo ya duara. Sivyo. Akate jahazi la kwanza katika karatasi, alizungushe mezani bila kulifunua upande wa pili, mpaka omo ielekee juu: tanga litakuwa upande wa kushoto. Katika picha ya makosa tanga liko kulia. Hataweza kuzilinganisha picha hizo mpaka aigeuze karatasi kifudifudi, kwa maana kubadilishana namba si kuzungusha bali ni kuakisi, kama sura katika kioo. Anayetaka kuzungusha kweli lazima abadilishane namba na pia aigeuze alama ya ile ya kwanza iliyo mpya: (12, 3) iwe (−3, 12). Kijana aliyeliona hilo akiwa Kidato cha Pili atakutana tena na jambo lile lile katika matriki, na halitamtisha.

Sasa yafaa kutaja dosari ambayo watetezi wa picha hawapendi kuisikia. Picha za nukta humfundisha mwanafunzi kwamba nukta zote huunganishwa, na kwamba huunganishwa kwa rula. Miezi michache baadaye huambiwa achore grafu ya y = x². Huandika (−2, 4), (−1, 1), (0, 0), (1, 1), (2, 4), huziweka nukta zote tano bila kosa, kisha huchukua rula na kutoa kitu kilichokatika kama chungu kilichopasuka. Mwalimu hushangaa, hana haki ya kushangaa, kwa sababu mwanafunzi amefanya kile alichofunzwa. Dawa yake si kumkemea bali ni kumwuliza palipo katikati. Pale x ilipo nusu, rula yasema y ni nusu. Mlinganyo wasema ni robo. Kati ya hao wawili, nani mwenye mamlaka? Katika picha ya jahazi mchoraji ndiye aliyeamua kwamba kati ya nukta na nukta pana mstari ulionyooka. Katika mlinganyo, kila nukta iliyo kati imekwisha kuamuliwa, nazo hazina idadi. Na zipo nukta ambazo hazistahili kuunganishwa kabisa: idadi ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, cha Pili, cha Tatu na cha Nne huweza kuwekewa nukta nne, lakini hakuna kidato cha moja na nusu.

Hapa ndipo mahali pa René Descartes, si mwanzoni mwa somo anapowekwa kwa kawaida pamoja na ile hadithi ya nzi aliyetambaa darini huku mwanafalsafa akimtazama kitandani. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haina ushahidi. Kitabu chake cha jometri kilichapishwa mwaka 1637 katika mji wa Leiden, na anayekifungua akitarajia kuona mihimili miwili ya darasani hataiona. Descartes hakuhitaji orodha ya nukta. Alichokionyesha ni kwamba mlinganyo mmoja mfupi waweza kushika mahali pa orodha isiyo na mwisho. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, alilifikia wazo hilo hilo katika miaka ile ile, ila maandishi yake hayakuchapishwa mpaka mwaka 1679, naye alikwisha kufa. Mwanafunzi aliyekwisha kuchoka kuandika orodha ndefu ya jahazi lake ndiye aliye tayari kuona faida ya kuiandika foromali yote kwa maneno matatu: x + y = 14.

Limebaki jambo moja la ugomvi, nalo ni kati ya chumba cha hisabati na chumba cha jiografia. Mwalimu wa hisabati husema: kwenda kulia kwanza, kupanda baadaye. Saa moja baadaye mwalimu wa jiografia, mbele ya wanafunzi wale wale, huitaja Dar es Salaam kuwa iko digrii 6.8 kusini na digrii 39.3 mashariki. Amesema kupanda na kushuka kwanza. Simu zinazopokea ishara za satelaiti nazo hutanguliza latitudo. Hakuna aliyekosea, ni mapatano mawili yaliyokulia katika nyumba mbili, na Ptolemy, kama ilivyotajwa, aliandika kwa mpangilio wa wanahisabati. Lakini mwanafunzi akiachwa kugundua tofauti hiyo peke yake, hudhani ni yeye asiyeelewa. Walimu hao wawili wangefaa kukutana kwa robo saa tu kabla ya muhula kuanza.

Tena wangeweza kutoa kazi moja ya pamoja. Tanzania nzima iko kusini mwa Ikweta na mashariki mwa Greenwich. Kwa lugha ya grafu iko katika robo ambayo namba ya kwanza ni chanya na ya pili ni hasi. Yaenea kati ya 29 na 41 hivi kwa upana, na kati ya −1 na −12 hivi kwa kimo, basi kwa kipimo cha sentimita moja kwa digrii moja yaenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Bukoba ni (31.8, −1.3), Tanga (39.1, −5.1), Dar es Salaam (39.3, −6.8), Mtwara (40.2, −10.3), Mbeya (33.5, −8.9), Kigoma (29.6, −4.9). Zikiunganishwa kwa mpangilio huo na kurudi Bukoba, hutokea umbo ambalo kila mtoto atalitambua, ingawa Arusha itaachwa nje na mtoto wa Arusha atadai nukta yake. Wanafunzi wa Kenya watapata ramani iliyokatwa na mhimili wenyewe, Mombasa chini katika (39.7, −4.0) na Lodwar juu katika (35.6, 3.1). Kwa bahati njema, karibu na Ikweta digrii moja ya longitudo na digrii moja ya latitudo hukaribia kuwa sawa, kila moja kilomita 111 hivi, kwa hiyo ramani haipotoki sana. Katika latitudo ya 60, digrii ya longitudo ni nusu yake tu, na mtoto wa huko hawezi kutumia karatasi ya miraba kwa urahisi huo.

Kisha wapime kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa kanuni ya Pythagoras. Tofauti ya kwenda kulia ni 9.7, ya kushuka ni 1.9, umbali ni digrii 9.9 hivi, yaani karibu kilomita 1,100. Reli ya kati kati ya miji hiyo miwili ina kilomita 1,250 hivi. Darasa litataka kujua kilomita 150 zilizozidi zimekwenda wapi, na kwa hilo watahitaji nukta mbili zaidi, ya Tabora (32.8, −5.0) na ya Dodoma (35.7, −6.2).